Poti ya Mama

Tarehe 3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Leo naapa kukueleza kila kitu, hata yale ambayo Bibi ameniambia niyaache, kwa sababu nimechoka kuandika barua za "sisi huku hatujambo" wakati hatuko hivyo. Simu yako inaita mpaka inakatika. Bibi akasema, "Basi mwandikie. Simu ataiacha iite, lakini barua ataifungua tu, namjua mwanangu."

Bibi anakusalimu sana. Macho yake yamezidi kufifia. Anasema watu wote siku hizi wana ukungu, hata mimi niliyeketi karibu naye. Baba bado anaendesha lori. Huja Jumamosi moja, nyingine hatumwoni. Akija huketi kwenye kiti cha Mama mezani, kisha anaondoka tena. Mimi nimeingia kidato cha pili na nimekuwa wa nne darasani, ingawa sikupata wa kumkimbilia na karatasi ya matokeo.

Sasa jambo lenyewe. Kompyuta ya Mama ilikufa. Wiki ile baada ya kumzika umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na diski ikaanza kulia kama bawaba iliyokosa mafuta, halafu ikanyamaza. Nimeipeleka kwa Fundi Miwani, yule wa pale kona anayetengeneza redio na simu, anayevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Ameweka diski mpya. Akaniambia, "Binti, mashine nimekurudishia. Kilichokuwa ndani siwezi. Mimi ni fundi, si malaika."

Kilichokuwa ndani unakijua. Ni vitabu vyote ambavyo Mama alikuwa akivisoma kwa sauti kwa ajili ya wanafunzi wasioona, ameketi ndani ya kabati la nguo, kichwa katikati ya makoti ili sauti isirudi. Wewe ndiye uliyemwekea ile programu ya torenti, inayogawa faili vipande vipande, kila mwenye kipande akimpa asiye nacho. Kwenye flashi yake nyekundu nimevikuta vile vifaili vidogo vinavyoiambia programu itafute nini. Nimeisakinisha upya mwenyewe. Historia imerudi yote kutoka kwa wanafunzi waliokuwa nayo. Jiografia imerudi. Biolojia imefika asilimia sitini na mbili na kusimama.

Biolojia ndiyo ya mwisho, Mjomba. Aliimaliza akiwa tayari anaumwa. Katika sura ya mzunguko wa damu mimi naingia kutoka shule na kusema, "Mama, nimerudi," naye anajibu bila kuzima kinasa sauti, "Karibu mwanangu, umekula?" kisha anaendelea na moyo na vyumba vyake. Nilimwomba afute, nikaona haya. Akasema hafuti, acha wajue vitabu husomwa majumbani mwa watu. Hakuna mahali pengine popote ambapo sauti yangu na yake ziko pamoja. Nimetafuta kwenye simu zote za nyumba hii.

Programu inaandika: poti imefungwa. Poti ni nini, na inafunguliwaje? Tafadhali nieleze polepole.

Mpwa wako akupendaye

*

Tarehe 27 Februari

Wakili wangu,

Marahaba, marahaba. Nakuita Wakili kwa sababu hujapata kuingia kwangu bila maswali, na naona ukubwa haujakuponya. Mpe Bibi salamu zangu, mwambie namsikia hata asiponisikia. Hongera kwa kuwa wa nne. Watatu waliokutangulia wajiangalie.

Mimi ni mzima. Nashinda ndani ya mashimo ya lifti kama kawaida. Juzi nilikwama na mama mmoja mwenye kuku wawili kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Akaniuliza, "Wewe si ndiye fundi?" Nikamjibu ndiye. Akasema, "Basi tumekwisha." Kuku wakacheka.

Sasa poti. Chukulia nyumba kubwa yenye anwani moja na milango mingi, kila mlango una namba. Kompyuta ndiyo nyumba, poti ndiyo mlango. Programu yako inasubiri kwenye mlango wa namba fulani. Wenzake wanaotaka vipande, au walio navyo, hubisha hapo. Lakini kati yenu na dunia kuna ruta, kile kisanduku chenye taa, nacho ni mlinzi mkali. Ukitoka wewe kumfuata mtu, anakupisha. Mtu akija asiyeitwa, anamrudisha. Inabidi umwambie: anayeulizia poti namba hii, mlete kwenye kompyuta hii.

Watu wawili waliofungiwa wote hawawezi kufikiana. Lazima mmoja awe wazi. Kwangu haiwezekani, ruta ni ya mwenye nyumba na ameifungia chumbani kwake pamoja na viatu vyake. Ndiyo sababu Mama yako ndiye aliyekuwa wazi siku zote, mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata.

Jambo la pili. Hilo dirisha unalolitazama kwenye skrini siyo programu yenyewe. Kazi inafanywa na huduma iliyo nyuma, isiyo na sura, inayoamka kompyuta inapowaka hata kama hakuna mtu chumbani. Dirisha ni la kuipa amri na kuitazama tu. Ukilifunga, huduma inaendelea. Kwa hiyo usihangaike na dirisha. Tafuta huduma inasubiri kwenye poti gani, uiambie ruta namba hiyo.

Soma kwa bidii. Punguza kulala na vitabu usoni.

Mjomba wako

*

Tarehe 16 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya Bibi, tukarudia ile ya kuku. Bibi alicheka mpaka akaomba maji. Halafu akauliza, "Hajasema anakuja lini?" Nikasema hujasema.

Baba alikuja akarekebisha paa la jikoni. Aliliona kabati la nguo liko wazi, akalifunga. Alipoondoka nikalifungua.

Nilifanya ulivyosema, nikaharibu. Nilienda mahali ambapo dirisha linaandika "unganisha na huduma", nikaona namba 9091, nikasema ndiyo hii. Nikaingia kwenye ruta, nikaifungulia. Nikapima. Bado imefungwa. Nikawa na uchungu, nikaenda kwa Fundi Miwani na namba yangu mkononi. Alivua miwani ya juu.

"Nani kakwambia ufungue hii?"

"Dirisha linaitumia."

"Ndiyo, dirisha kuongea na huduma! Amri zinapita hapa. Umewapa wapita njia rimoti ya televisheni yako, mama. Kesho utakuta wamekubadilishia chaneli."

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri redio yake akaongeza, "Na sauti wamepandisha." Nilitaka ardhi inimeze. Fundi akasema nirudi nyumbani mbio nikaifunge, nami nilikimbia kweli, nikaifunga, nikaweka na nywila. Kwa hiyo sasa najua: kuna poti ya kutolea amri, hiyo ibaki ndani, na kuna poti ya wenzake, hiyo ndiyo ya kufungua.

Lakini kuna jambo jingine linanishinda. Poti ya wenzake inabadilika kila nikiwasha. Leo namba hii, kesho nyingine, na ruta inabaki imeshika ya jana. Nimelifungua faili la mipangilio ya huduma, nikaandika namba moja ya kudumu, nikahifadhi, nikazima na kuwasha upya. Nikirudi kutazama, maneno yangu hayapo. Yamerudi yale ya zamani, kana kwamba sikuwahi kuandika. Ni kama kuandika ubaoni na kuna mtu nyuma yako anafuta.

Na nina swali. Ulisema wewe ndiye uliyekuwa ukimfuata Mama. Kwenye orodha ya waliounganishwa nawaona wanafunzi kadhaa, na wote wana asilimia sitini na mbili kama mimi. Tumekwama mahali pamoja. Wewe ulikuwa na Biolojia nzima, Mama aliniambia, alisema, "Mjomba wako ameshaimaliza, yeye daima wa kwanza." Je, kompyuta yako inawaka?

Mpwa wako

*

Tarehe 22 Aprili

Wakili,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Jengo tunalohudumia lina lifti ambazo ukitengeneza moja nyingine inaona wivu.

Mwambie Bibi nitakuja. Kweli nitakuja.

Rimoti ya televisheni! Huyo Fundi Miwani ningependa kumwajiri. Usione haya. Mama yako naye alianza kwa kosa hilo hilo, na hakukimbia kuifunga, alitembea.

Kuhusu maandishi yanayofutika: ni huduma yenyewe inayoyafuta. Ikiwa macho, mipangilio yote iko kichwani mwake. Wewe unaandika kwenye faili, yeye hata hajatazama. Ukimzima, kabla ya kulala anaandika alichokuwa nacho kichwani, juu ya maneno yako. Mzime kwanza. Hakikisha amelala. Ndipo uandike, uhifadhi, halafu umwamshe. Akiamka atasoma ulichoandika na kudhani ni wazo lake.

Na humo ndani utaona mahali panaposema poti ichaguliwe kwa bahati nasibu kila inapowaka. Panasema ndiyo. Andika hapana. Chagua namba yoyote kubwa isiyotumiwa na kitu kingine, hiyo hiyo uipe ruta, upime.

Mengine tutazungumza.

Mjomba wako

*

Tarehe 12 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Bibi ni mzima wa kiasi, anakohoa asubuhi. Baba ameniletea viatu vya shule vyenye ukubwa wa mwaka juzi. Nilivivaa mpaka alipoondoka, ili asijue.

Poti imefunguka!

Nilimzima huduma, nikahakikisha amelala, nikaandika, nikamwamsha. Nikaiambia ruta. Nikabonyeza "pima", na kwa mara ya kwanza neno likabadilika, likawa la kijani. Nilipiga kelele, Bibi akadhani nyoka. Kabla sijamaliza kumweleza, mwanafunzi mmoja wa mbali akabisha, akaanza kuchukua Historia kutoka kwangu. Sauti ya Mama ikawa inatoka nyumbani kwetu tena, kipande kwa kipande. Nilikaa nikaitazama ikienda.

Nikafikiri sasa Biolojia itakuja. Nilikaa wiki nzima nikifikiri hivyo. Nikirudi shuleni sivui begi, natazama kwanza. Sitini na mbili.

Mjomba, nimeelewa. Mlango wangu uko wazi, na si wangu peke yake uliokuwa na shida. Mwenye vipande vilivyobaki ni mmoja tu duniani, naye hajaja. Katika barua ya Machi nilikuuliza kama kompyuta yako inawaka. Ulinijibu mambo yote isipokuwa hilo. Sikuulizi kwa hasira. Mama alinifundisha kwamba mtu akiruka swali, ama hakulisoma ama amelisoma mara nyingi. Kama imeharibika niambie, Fundi Miwani atajua la kufanya. Kama ni mtandao, nakili Biolojia kwenye flashi uitie kwenye bahasha, nami nitaisubiri posta.

Nilimwambia Bibi habari yako, nikasema labda una kazi. Alikuwa akichambua mchele kwa vidole kwa sababu macho hayamsaidii. Akasema, "Siku ya mazishi alisimama nje ya geti na begi begani. Nilimwona kwa kivuli chake, mrefu vile. Nikasema ataingia. Chai ilikuwa haijamiminwa, ameshaondoka." Kisha akasema, "Alipokuwa mdogo, akitaka kulia alikuwa anaingia chini ya kitanda. Dada yake anaingia kumfuata. Sasa nani atamfuata huko?"

Nami nilikuona siku ile, Mjomba. Sikusema kwa mtu.

Mpwa wako

*

Tarehe 5 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Labda posta.

Bibi alilazwa kwa ajili ya kifua, ameruhusiwa, yuko nyumbani. Hapandi tena ngazi ya nyuma. Anapenda niwashe Historia jioni wakati napika. Husikiliza kidogo, kisha husema, "Kasoma vizuri hapo," kana kwamba Mama yuko chumba cha pili na atasikia sifa.

Mtihani wa muhula umekwisha. Biolojia nimefanya vibaya. Nilipofika kwenye moyo sikuweza kuandika.

Nimeacha kulifungua dirisha. Huduma inaendelea nyuma, ulinifundisha mwenyewe. Ninaisikia feni tu ninapofagia. Ni yote niliyo nayo ya kuandika leo.

Mpwa wako

*

Tarehe 9 Agosti

Mpwa wangu,

Barua zako zote mbili nimezipata. Posta haina kosa.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Leo lifti moja imenigomea, nimekaa juu ya paa lake gizani nikisubiri mwenzangu alete spea, na ninaandika kwa tochi. Hapa hakuna wa kunitazama.

Kompyuta yangu ni nzima. Iko chini ya kitanda. Sijaiwasha.

Nikueleze. Kwenye ile orodha ya waliounganishwa kuna anwani, na mbele ya anwani kuna namba ya poti. Anwani ya nyumbani kwenu ilibadilika kila mara, kampuni ya intaneti ndivyo inavyofanya. Lakini poti ya Mama yako haikubadilika. Aliichagua yeye: namba ya sanduku la posta la nyumbani tulipokuwa wadogo. Akaniambia, "Hii hutaisahau, umeandika juu ya bahasha mpaka kalamu zikaisha." Basi nikirudi kazini, kabla ya kuvua viatu, natazama orodha. Mstari wenye namba ile upo. Najua dada yangu yuko macho, umeme upo, anasoma. Hatukuwa watu wa simu. Nilikuwa nakunywa chai mbele ya mstari ule kama mtu aliyeketi na ndugu yake, kila mmoja na shughuli zake.

Alipofariki nilipanda basi, nikafika getini kwenu, ukaniona. Nikasikia mtu ndani akisema "marehemu" na jina lake. Nikarudi na basi lile lile. Nilipofika kwangu, mstari upo. Huduma haikuambiwa na mtu kwamba mwenyewe hayupo. Iliendelea kugawa Biolojia. Wiki nzima nilirudi kazini nikaukuta. Sikuwa kichaa, nilijua. Lakini nilikunywa chai yangu pale.

Siku umeme wenu uliporudi kwa kishindo, mimi nilikuwa nimeketi naye. Mstari ukaondoka mbele ya macho yangu. Nilisubiri mpaka chai ikapoa. Nikazima, nikachomoa waya, nikaisukuma chini ya kitanda.

Unasema niitie kwenye flashi. Mpwa wangu, kunakili si kazi. Kuiwasha ndiko kunakonishinda. Ikiwaka tu, huduma inaamka yenyewe na kuanza kutafuta, nami nitaiona orodha na ule mstari haumo. Nimefungua watu waliokwama kati ya ghorofa, nimening'inia juu ya shimo kwa kamba moja, na siwezi kubonyeza kitufe.

Siahidi kitu. Nimekujibu swali lako tu.

Mjomba wako

*

Tarehe 14 Septemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Bibi anakusalimu. Baba pia anakusalimu. Nilimsomea barua yako, nakuomba usinikasirikie. Alisikiliza amesimama mlangoni na funguo za lori mkononi. Akasema, "Kumbe." Kisha akaketi, si kwenye kiti cha Mama, kwenye chake, akaniomba nimwashie Historia. Alichelewa kuondoka siku hiyo. Viatu nimemwambia vinabana, akacheka, akasema, "Miguu yako inakua bila ruhusa yangu." Ataleta vingine.

Barua yako nimeisoma peke yangu pia, ndani ya kabati. Nililia kidogo. Kisha nikamwendea Bibi.

"Bibi, sanduku lenu la posta la zamani lilikuwa namba gani?"

Hata hakufikiri. Jina la jirani husahau, dawa husahau, lakini hili alilitoa kama pumzi: "Elfu nne mia tatu kumi na nane. Kuna barua?"

"Bado, Bibi."

Nilimzima huduma. Nikasubiri alale kabisa. Nikafuta namba yangu niliyoichagua Mei, nikaandika 4318. Nikamwamsha. Nikaiambia ruta. Nikapima, ikawa ya kijani. Sasa kompyuta ya Mama inasubiri kwenye mlango wake ule ule. Nilikusudia kukuandikia siku ile ile, nikuambie hivi: Mjomba, ukiwasha, mstari wenye namba ile utaukuta. Si Mama. Sikudanganyi na sitaki ujidanganye. Ni mimi, nimerudi kutoka shule, nimevua viatu vyangu vinavyobana. Lakini umeme upo, na yupo mtu macho.

Kabla sijaandika, ikaja Jumamosi.

Bibi alikuwa kwenye mkeka sebuleni, mimi napiga pasi sare. Dirisha la programu nilikuwa nimelifungua, kwa sababu tangu nibadilishe namba nimeanza tena kutazama. Wanafunzi walikuwepo, wote sitini na mbili. Mara ukatokea mstari mmoja wenye asilimia mia.

Utepe unaoonyesha Biolojia imefika wapi ulitikisika. Sitini na mbili, nukta moja. Nukta mbili. Vipande vinaingia, Mjomba! Na papo hapo vikaanza kutoka kwangu kwenda kwa wale wengine waliokuwa wamekwama, nao namba zao zikasogea, mmoja baada ya mwingine, kama foleni iliyofunguliwa. Sitini na tatu. Nikamwita Bibi, nikasahau kwamba haoni. Pasi ikaunguza kola.

Kisha mstari ukaondoka.

Nilisubiri. Nikaitazama ruta, taa zake zote ziko sawa. Nikapima poti, iko wazi. Umeme ulikuwepo. Hapakuwa na kosa lolote upande wetu, na najua hapakuwa na kosa upande wako. Chai yako haikupata hata muda wa kupoa, nadhani.

"Kuna nini?" Bibi akauliza. "Nasikia harufu ya nguo."

Nikamwambia, "Mjomba amepita."

Aligeuza uso kuelekea mlangoni, kule geti liliko. Akasema, "Mbona hakukaa?"

Swali hilo nakuletea wewe, ndiyo maana nakuandikia. Vile vipande nimejaribu kuvisikiliza. Vimetoka hapa na pale, havijaungana. Kuna nusu ya neno, na mlio mdogo ambao nadhani ni hanga za makoti zikigongana kabatini. Nimezisikia mara nyingi. Mimi bado sijaingia kutoka shule. Mama bado hajaniuliza kama nimekula.

Sikukulaumu siku ya geti na sikulaumu sasa. Uliweza kubonyeza kitufe, na uliniona nipo. Mlango nimeuacha wazi kwa namba ile ile, huduma iko macho hata nikiwa darasani, na Baba ameahidi hataichomoa kwa sababu yoyote. Nakuomba unijibu kwa barua ya kurudi, hata kwa neno moja, ili nimsomee Bibi:

Ukija tena, Mjomba, utakaa?